Namba Nne

Mgongoni mwa kamera ya baba kuna kidirisha chekundu,
kidogo kama kifungo cha shati,
na ndani yake namba nne.
Tuliikuta kabatini, chini ya magazeti ya kiwandani,
miaka sita baada ya kumzika,
na mkanda bado umo.

Picha kumi na mbili. Tatu keshazipiga.
Ya nne aliipiga? Au aliivuta tu tayari,
akaitwa mezani, supu isipoe?
Hapo ndipo mimi na Gorazd tulipoanza kubishana,
na hapo ndipo safari ilipozaliwa.

Ijumaa usiku, basi, jikoni kwetu Jesenice.
Ramani imefunguliwa, kona moja imekaliwa na sufuria ya viazi.
Ziwa Bohinj limelala humo, jembamba, la buluu,
milima imelizingira
kama viganja vinavyokinga kibiriti upepo usikizime.

Gorazd hupanga kama mtu wa reli alivyo.
Treni ya kwanza. Kushuka Bistrica. Basi hadi Ribčev Laz.
Ukungu utaondoka saa nne ukipenda,
usipopenda tutakunywa kahawa.
Jumamosi ufuo wa kaskazini, kwa miguu, mpaka Ukanc,
tulale kwa Marjeta, shangazi wa mkewe,
ambaye hatozi pesa ila husimulia magonjwa yake yote.
Jumapili kigari cha waya kitupandishe Vogel
tulione ziwa kwa juu, kama waliokwisha kufa wanavyoliona.
(Hilo la wafu nimeongeza mimi. Yeye aliandika: saa tatu unusu.)

Mimi napanga kwa kunyima.
Picha nane, siku mbili. Nane!
Simu yake humeza mia nne kabla ya kifungua kinywa
na haijui shibe.
Nimechukua daftari la madeni la mama, nikaandika:
moja, daraja la mawe na kanisa la Mtakatifu Yohana,
moja, kanisa hilohilo likiwa majini, kichwa chini,
moja, mwani unaosuka nywele chini ya maji,
moja, misitu,
ingawa mkanda ni wa nyeusi na nyeupe
na misitu mwezi huu ina rangi ya kutu,
rangi ya baba akirudi kutoka zamu ya usiku.
Nimeifuta. Nimeirudisha.
Moja, Gorazd, bila yeye kujua.
Zilizobaki sijui. Zitajileta.

"Na ya nne?"
Anataka tuizungushe hadi tano, tusicheze na amana.
Nami nasema tuifungulie jicho palepale darajani.
Kama ni tupu, tumepata picha.
Kama si tupu, ziwa litamwagika juu ya alichokiona:
mama akianika shuka, mbwa wa jirani,
dirisha la hospitali,
au kidole chake mwenyewe mbele ya lenzi,
maana alikuwa na ugonjwa huo,
na maji yatapita katikati ya kidole,
na hakuna fundi atakayewatenganisha.

Gorazd anamenya kiazi kimoja muda mrefu kupita kiasi.
"Stendi utabeba wewe," anasema.
Sijui kama hiyo ni ndiyo.

Soksi za sufu. Jibini. Mifuko ya plastiki ya kuvisha kamera,
maana utabiri unasema mvua kuanzia adhuhuri,
na Bohinj hata utabiri ukisema jua, bebeni mwavuli.

Taa imezimwa.
Kamera imo kwenye soksi, soksi imo begini, begi liko mlangoni.
Usiku wa manane nasikia nyayo jikoni,
nasikia zipu, taratibu, kama mtu anayefungua barua isiyo yake.
Kisha kimya.
Kisha zipu tena.
Sikusikia kitufe kikizunguka.
Au nilisikia.

Alfajiri nitachungulia kidirisha chekundu.
Sitauliza.